AHADI NI DENI: KITENZI, ARUBUNI NA LUGHA YA MAPATANO KATIKA UAGIZAJI WA MATATU MPYA

Utangulizi

Inapotajwa sajili ya biashara, mwanafunzi wa Kiswahili hukimbilia sokoni. Huko hukutana na mifano aliyoizoea tangu shule ya upili: muuzaji anasifu nyanya zake, mnunuzi analalamikia bei, bei inashuka shilingi kumi, bidhaa inafungwa na kila mmoja anashika njia yake. Mapatano ya namna hiyo huzaliwa na kufa papo hapo kwa sababu bidhaa ipo mezani. Nyanya ikiwa mbovu, jicho litaiona.

Makala hii inanuia kuchunguza mapatano ya aina nyingine, ambamo bidhaa yenyewe haipo. Mtu anayeagiza gari la kuundwa kwa matakwa yake hana cha kubonyeza wala cha kunusa. Anacholipia, kwa wakati huo, ni maneno. Mfano tutakaoutumia ni uagizaji wa matatu ya abiria 33, biashara ambayo mara nyingi humfunga mnunuzi, au kikundi kizima cha wanachama wa Sacco, katika mkopo wa miaka kadhaa. Hoja yetu ni kwamba katika mapatano haya umbo la kitenzi ndilo linaloamua kama ahadi imetolewa au haikutolewa, na kwamba mnunuzi wengi hutoa arubuni kabla ahadi haijakamilika. Methali inasema ahadi ni deni. Swali letu ni hili: deni hilo linaanza wakati gani, na nani hasa anadaiwa?

Wauzaji wawili, gari moja

Yafaa tueleze kwanza jinsi gari hili linavyopatikana, maana bila hilo uchambuzi wa lugha utaelea hewani. Kwa kawaida matatu kubwa hainunuliwi ikiwa nzima. Mnunuzi huenda kwa wakala wa magari na kuagiza chesisi, yaani fremu, injini, gia, magurudumu na kebini ya dereva. Chesisi hizo huunganishwa humu nchini. Kiwanda cha Nairobi kilichoitwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017, ambapo kilichukua jina la Isuzu East Africa, ndicho chanzo cha chesisi ya NQR inayobeba matatu nyingi za abiria 33. Thika kuna Kenya Vehicle Manufacturers, na Mombasa kuna Associated Vehicle Assemblers.

Chesisi ikishapatikana, hupelekwa kwenye karakana ya kuunda bodi. Huko ndiko gari linakopata mbavu, paa, madirisha, viti, taa na ile michoro inayowafanya vijana wa Nairobi waache gari moja lipite na kusubiri jingine. Kwa hiyo mnunuzi ana mapatano mawili na watu wawili tofauti. Wa kwanza ana ofisi, fomu zilizochapishwa na bei ambayo haitikisiki sana. Wa pili ana karakana, chaki ya kuchorea sakafuni na bei ambayo, kama matangazo yasemavyo, ni maelewano. Lugha ya ofisi ya kwanza hufuata karatasi. Lugha ya karakana hufuata mdomo, na ndiyo itakayotushughulisha zaidi.

Mambo mengine hayana maelewano hata kidogo, na mnunuzi asipotezewe muda nayo. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo Wakenya huziita sheria za Michuki, zilidai kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na mstari wa manjano ubavuni. Baadaye kikaja kiwango cha KS 372 cha mwaka 2014 kuhusu uundaji wa bodi za magari ya abiria. Muundaji anayesema kwamba kutimiza kiwango hicho ni "nyongeza" ya kulipiwa kando anauza kitu ambacho alipaswa kukijumuisha tangu mwanzo.

Mazungumzo ya karakana

Tumetunga mazungumzo mafupi yafuatayo kwa ajili ya uchambuzi. Aliyezoea karakana hizo hatayaona mageni.

Mnunuzi: Shikamoo mzee. Nimekuja kwa ile kazi ya bodi. Nifanyie bei nzuri, nitakuletea wengine.
Muundaji: Marahaba mama. Bei isikusumbue, hiyo ni maelewano. Wewe lete chesisi.
Mnunuzi: Nataka viti 33, na vile vya kulalia kidogo.
Muundaji: Vitapatikana. Kazi itatengenezeka vizuri, usiwe na wasiwasi.
Mnunuzi: Itachukua muda gani?
Muundaji: Kama wiki sita hivi, Mungu akipenda.
Mnunuzi: Na rangi?
Muundaji: Damu ya mzee, kama lile tulilotoa juzi. Ungelipa nusu leo ningekuwekea na redio.

Ni mazungumzo ya adabu. Pana maamkuzi, pana heshima ya umri kwa upande mmoja na ya umama kwa upande mwingine, na mnunuzi anaondoka moyo wake ukiwa umetulia. Sasa na tutafute ahadi ndani yake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu vitendo usemi, John Searle, akiendeleza kazi ya J. L. Austin iliyochapishwa mwaka 1962, aliweka sharti kwamba ahadi lazima ihusu tendo la baadaye la msemaji mwenyewe. Siwezi kuahidi kwamba kesho mvua itanyesha. Naweza kulitabiri hilo tu. Tukilichukua sharti hili na kuvipima nalo vitenzi vya muundaji, tunapata jambo la kushtua. "Vitapatikana": kiima ni viti. "Itatengenezeka": kiima ni kazi. Hakuna hata kitenzi kimoja chenye -ta- ambacho kiambishi chake cha nafsi kinamrejelea muundaji. Mzee wa watu ametabiri mengi na hakuahidi lolote.

Hapa ndipo kauli ya kutendeka inapodhihirisha tabia yake. Wanasarufi hutufundisha kwamba kauli hii huonyesha uwezekano au hali ya jambo kufanyika, na kwamba humwondoa mtenda kabisa. Kauli ya kutendwa angalau huacha mlango wazi: "vitafungwa" humruhusu msikilizaji aulize, vitafungwa na nani? "Vitapatikana" haina mlango huo. Hatuwezi kusema *vitapatikana na mimi tukamaanisha kwamba ni mimi nitakayevitafuta. Sarufi yenyewe inakataa. Kwa hiyo anayetaka kulifanya neno la muundaji kuwa deni hana budi kubadilisha kauli: "Utavifunga wewe, au tutavitafuta sisi?" Swali hilo si la ugomvi. Linarejesha mtenda kwenye sentensi, basi.

Tusiwe wepesi wa kumshuku muundaji, hata hivyo. Kauli ya kutendeka ni sehemu ya adabu ya Kiswahili. Mtu mzima hajitutumui kwa "nitafanya, nitafanya". Husema "itawezekana" na kumwachia Mungu nafasi yake. Kadhalika mnunuzi naye huitumia pale inapomfaa, kwa mfano anaposema kwamba pesa zitapatikana mwisho wa mwezi. Tatizo linatokea pale ambapo upande mmoja umesikia adabu na upande mwingine umesikia mkataba.

Sentensi ya mwisho ya muundaji inastahili kutazamwa peke yake. "Ungelipa nusu leo ningekuwekea na redio." Hapa hatimaye nafsi ya kwanza imejitokeza, lakini imejitokeza ndani ya -nge-, yaani katika jambo la kudhania. Mnunuzi akilipa nusu siku hiyo, muundaji anaweza kudai kwamba alikuwa anawaza tu kwa sauti. Lau angesema "Ukilipa nusu leo, nitakuwekea redio," -ki- ingeweka sharti halisi na -ta- ingemfunga. Tofauti ya viambishi hivi, ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani, hapa ni tofauti ya redio kuwamo au kutokuwamo.

Nipunguzie, lakini upunguze nini?

Kauli ya kutendea ndiyo roho ya upatanaji wa bei kwa Kiswahili. Mnunuzi hasemi "punguza", husema "nipunguzie". Hasemi "fanya bei", husema "nifanyie". Kiambishi cha yambwa na mnyambuliko huu hugeuza bei kuwa jambo la uhusiano: unanitendea mimi, kwa ajili yangu. Uzuri wake ni kwamba hulainisha mazungumzo na mara nyingi bei hushuka kweli. Kasoro yake ni kwamba punguzo linakuwa hisani, na hisani haiandikwi. Ni nani atakayemwambia mzee aliyempunguzia kwamba aitie sahihi hisani yake?

Isitoshe, "nipunguzie" haisemi ni kitu gani kinachopunguzwa. Kwenye nyanya hakuna shida, kwa kuwa nyanya ni zile zile. Kwenye bodi ya gari, bei inaweza kushuka pamoja na unene wa bati, uzito wa sponji ya viti, ubora wa kitambaa, idadi ya tabaka za rangi au aina ya vioo. Mnunuzi anarudi nyumbani akijisifu kwamba amemshusha muundaji, kumbe muundaji ameshusha gari. Muundaji akisema "sawa mama, nimekupunguzia", swali linalopaswa kufuata ni "na kazi imebaki vile vile?" Kisha kazi yenyewe itajwe kipengele kwa kipengele. Ndiyo sababu inafaa kuomba bei kwa maandishi kutoka karakana mbili au tatu kabla ya kuanza kupatana: si kwa ajili ya kulinganisha jumla zilizo chini ya karatasi, bali kuona yale ambayo mmoja ameyataja na mwingine ameyanyamazia.

Kwa wakala wa chesisi hali ni tofauti. Bei yake hushuka kwa nadra, na anayemwomba apunguze huishia kupewa tabasamu. Cha kupatania hapo ni yale yanayoizunguka bei: huduma za kwanza, mafunzo ya dereva, tarehe ya kukabidhi, na kama bei iliyotajwa imejumuisha kodi na usajili. Fomu nyingi za mauzo huwa na kipengele kinachomruhusu muuzaji kubadilisha bei kabla ya kukabidhi. Huyo naye asomwe kwa miwani ya sarufi: je, bei "inaweza kubadilika", au "muuzaji atamjulisha mnunuzi, naye mnunuzi atakuwa na hiari ya kujiondoa na kurejeshewa fedha zake"?

Rangi, mfano na "kama lile"

Damu ya mzee ni jina zuri la rangi. Ukiwaita watu watano na kuwaomba waoneshe damu ya mzee kwenye kitabu cha rangi, usishangae vidole vitano vikiangukia sehemu tano. Maji ya kunde ni vivyo hivyo. Majina haya yalizaliwa na watu waliokuwa wakitazama kitu kimoja pamoja, na nguvu yake iko katika kutazama huko. Karakana huchanganya rangi kwa namba, na namba hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa. Wala jina halihitaji kutupwa: "damu ya mzee, namba kadha wa kadha" inatosheleza mshairi na mpaka rangi kwa pamoja.

"Kama lile" ina hatari kubwa zaidi. Kionyeshi hiki cha mbali hutegemea kitu kilichopo machoni au kumbukumbuni mwa wazungumzaji wote wawili. Gari la juzi limeshatoka karakanani. Kila mmoja amebaki na lake kichwani. Mnunuzi anakumbuka viti, muundaji anakumbuka umbo la paa. Anayetaka "kama lile" na alipige picha, ndani na nje, picha zitiwe tarehe na kuambatishwa. Hata "viti vya kulalia kidogo" ina neno "kidogo", ambalo katika nchi yetu limeshatumiwa kuficha mambo makubwa zaidi ya viti.

Arubuni

Tumefika penye uzito wa jambo. Kiswahili kina maneno kadhaa ya fedha zinazotangulia: arubuni, amana, kianzio, malipo ya kwanza, na siku hizi "dipoziti" imeyameza yote. Maneno haya si visawe. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu ili aitunze. Mwenyewe akiitaka hurudishiwa. Arubuni, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni fedha zinazotolewa ili kufunga mapatano, na huhesabiwa kuwa sehemu ya bei. Anayetoa amana hajanunua bado. Anayetoa arubuni amenunua.

Sheria ya Kenya inaitambua tofauti hii kwa namna ambayo ingemfurahisha mwanaleksikografia. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinasema kwamba mapatano ya bidhaa za shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa kitu cha kufunga mapatano au sehemu ya malipo, au pana maandishi yenye sahihi ya anayedaiwa. Kifungu hicho kinahusu hata bidhaa ambazo hazijatengenezwa. (Kama kazi ya kuunda bodi juu ya chesisi ya mteja ni uuzaji wa bidhaa au ni kibarua chenye vifaa, hilo tuwaachie wanasheria.) Kwa maneno mengine, arubuni inaweza kusimama mahali pa maandishi. Mnunuzi akiitoa pale karakanani baada ya mazungumzo tuliyoyaona, huenda amejifunga katika mapatano ambayo masharti yake yote yamo katika "vitapatikana", "itatengenezeka" na "wiki sita hivi".

Upande wa pili wa sarafu ni Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kwa jumla, masharti ya mapatano yakishawekwa katika maandishi, ushahidi wa mdomo hauruhusiwi kuyapinga au kuyaongezea, ingawa sheria yenyewe ina mwanya wake hapa na pale. Kwa hiyo ahadi ya redio iliyotolewa kwa mdomo, kisha fomu ikatiwa sahihi bila kuitaja, imekwenda na upepo. Wahenga walilijua hili bila kuhitaji bunge: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba marejesho ya mkopo ni shilingi 150,000 kwa mwezi na kwamba yameshaanza. Zile "wiki sita hivi" zikigeuka kuwa wiki kumi na mbili, mnunuzi amelipa takriban shilingi 225,000 kwa gari lililo juu ya mawe karakanani. Neno "hivi" halikuwa na bei lilipotamkwa. Badala yake ingeandikwa: "Mimi, mwenye karakana, nitaunda bodi ya abiria 33 na kuikabidhi kabla ya au tarehe 30 Juni; nikichelewa, nitakata katika malipo ya mwisho kiasi tulichoafikiana kwa kila siku." Nafsi ipo, tendo lipo, tarehe ipo. Mungu akipenda anaweza kubaki pia, hakuna anayemwondoa.

Ni bora arubuni itolewe baada ya sentensi kama hiyo kutiwa sahihi, na fedha zilizobaki zigawanywe kwa hatua zinazoonekana kwa macho: mbavu zikiwa zimesimama, bati likiwa limefungwa, gari likiwa limekaguliwa. Stakabadhi nayo iseme wazi kama fedha ni arubuni au ni amana.

Dhamana ya nani?

"Dhamana" ni neno jingine linalojificha. Wakala ana dhamana yake juu ya injini na chesisi. Muundaji ana yake juu ya bodi, kama anayo. Watengenezaji wa chesisi hutoa miongozo kwa waundaji wa bodi kuhusu mahali pa kutoboa na mahali pasipochomelewa. Fremu ikitobolewa pasipofaa, wakala anaweza kusema dhamana yake imekatika, na muundaji akasema fremu haikuwa kazi yake. Mnunuzi anayeambiwa "gari lina dhamana" na aulize: dhamana ya nani, juu ya nini, hadi lini, na mwongozo wa chesisi umefika karakanani?

Lugha ya hati

Mapatano hufanywa kwa Kiswahili, hati huandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 7, imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Hakuna kinachowazuia wahusika kuandika maelezo ya kazi kwa Kiswahili, kuyaambatisha kwenye fomu, kuyatia sahihi wote wawili, na kuongeza sentensi inayosema ni maandishi yapi yatakayofuatwa endapo yatahitilafiana. Kinachokosekana ni watu wa kuyaandika. Wahitimu wetu hulalamika kwamba shahada ya Kiswahili ina milango miwili tu, ualimu na utangazaji. Mwandishi wa hati anayejua tofauti ya "vitapatikana" na "tutavifunga" bado hajaajiriwa na Sacco yoyote tuijuayo, ilhali Sacco hizo zinaingia mikopo ya mamilioni kila mwaka.

Siku ya kukabidhiwa gari, mnunuzi hupewa karatasi ya mwisho, mara nyingi ikiwa imeshachapwa kabla hajafika: "Nimepokea gari likiwa katika hali nzuri na limekamilika." Njeo hapa ni ya -me-, ya jambo lililotimia. Watu hutia sahihi wakiwa wamesimama, funguo mkononi, dereva akiwa ameshawasha injini. Karatasi hiyo hungoja. Kwanza viti vihesabiwe, kila mkanda uvutwe, madirisha yote yafunguliwe na kufungwa, namba ya rangi ilinganishwe na ile ya kiambatisho, redio iwashwe. Kisha mbele ya neno "limekamilika" mnunuzi aandike kwa mkono "isipokuwa", ataje yaliyobaki na tarehe ya kuyamaliza, muundaji atie sahihi yake kando, ndipo mnunuzi naye atie yake.